Chumba Kilichopimwa kwa Mtu Mmoja

Mwezi wa tatu mama alipiga simu kutoka Korogwe. Daktari amemwandikia aje Dar es Salaam kwa matibabu, na atakaa kwangu wiki sita, labda zaidi. Nikamwambia, karibu sana mama, njoo tu, usiwe na wasiwasi. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikakitazama chumba changu kama mtu aliyeletwa na dalali kukikagua.

Ni chumba kimoja, Magomeni, ndani ya nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati. Jioni ile niliazima futi kamba kwa fundi wa jirani nikakipima: futi 10 kwa futi 10 na nusu. Kitanda ni tano kwa sita. Nilipohamia sikuwa na hela ya kununua sita kwa sita kama wenzangu, na siku ile niliushukuru umaskini wangu. Hata hivyo hesabu haikuwa nzuri: kitanda peke yake kinakula zaidi ya robo ya sakafu. Weka kabati la nguo, meza, stuli, jiko na mtungi mdogo wa gesi, ndoo mbili za maji, feni. Katikati panabaki nafasi ya mkeka mmoja, na ukiutandika, mlango haufunguki wote.

Mtu wa miaka thelathini na nne halali chumba kimoja na mama yake hivi hivi tu. Halikuwa suala la nafasi peke yake. Nilitaka apate pa kubadilishia nguo bila kunifukuza nje, pa kuswalia, pa kuugulia bila mwanawe wa kiume kumkodolea macho. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya watu siku hizi: nikashika simu nikatafuta namna ya kupanga chumba kidogo.

Picha zipo, maelfu. Chumba cheupe pee, kitanda kinachonyanyuliwa kikaingia ukutani, meza inayokunjwa, shelfu zilizoning'inia bila kuonekana zimeshikwa na nini, kioo kikubwa cha kuongeza nafasi, ua moja kwenye chungu. Ushauri ni ule ule: tumia ukuta, paka rangi nyepesi, ondoa usichokihitaji. Hakuna ndoo hata moja. Hakuna mtungi wa gesi. Hakuna sanduku la marehemu baba ambalo huwezi kulitupa. Na jambo lililonishika zaidi, hakuna watu wawili. Kila picha ina mtu mmoja, au kikombe kimoja cha kahawa kinachomwakilisha mtu mmoja aliyetoka kidogo.

Nina tabia mbaya ya kukimbilia vitabu ninapobanwa. Badala ya kwenda kwa seremala, nikaanza kujiuliza ushauri huu umetoka wapi, na nani alianza kumwambia mwenye chumba kidogo jinsi ya kukipamba. Nilichokikuta kilinichukua mbali kuliko nilivyotarajia, kisha kikanirudisha hapa hapa.

Naanzia pwani, maana sisi tuna vyumba vyembamba tangu zamani, na havikuwa vya maskini. Mwaka 2016 nilipata safari ya Lamu, nikaingia katika nyumba ya mawe ya karne ya 18 ambayo sasa ni makumbusho. Nilikuwa nimesikia habari za majumba ya waungwana, nikategemea kumbi pana. Kumbe kila chumba ni kama korido: kirefu upande mmoja, upande wa pili hatua tatu nne umefika ukutani. Sababu yake ni mti. Dari na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita 2.5 hadi 3. Uwe tajiri namna gani, uwe na majahazi mangapi, upana wa chumba chako umeshaamuliwa na mti uliokatwa kwenye matope. Boriti hizo hizo, za Lamu na za delta ya Rufiji, zilipakiwa majahazini na kusafiri na upepo wa kusi hadi Ghuba. Ndiyo maana nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain nazo zina vyumba vyembamba. Mtu wa Kuwait ya zamani alilala katika chumba kilichopimwa Rufiji.

Sasa watu hawa walifanya nini na wembamba ule? Walivipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine: kutoka daka la mlangoni unaingia kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha msana wa tini, msana wa juu, halafu ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyozidi kuwa mtu wa nyumba ile. Na huko ndani ukuta mzima ulijazwa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, vikiwekwa sahani na bakuli za Kichina. Nilikaa sakafuni mbele yake. Vivuli vya vishubaka vinaufanya ukuta uonekane kurudi nyuma, kama vile kuna nyumba nyingine ndogo nyuma yake. Yale yanayoitwa leo ujanja wa kuongeza kina cha chumba, fundi wa Lamu aliyajua na hakuhitaji kioo.

Lakini tusijidanganye. Zidaka si kabati. Bakuli zile hazikuwekwa pale ili zishushwe jioni kuliwa wali. Mtafiti Linda Donley, aliyechunguza nyumba hizi, aliona kwamba vyombo vile vilikuwa na kazi ya kinga pia, katika chumba ambacho wanawake walizalia na maiti walioshwa. Na kazi ya kufua, kupika na kubeba maji ilifanywa na watumwa, katika sehemu za nyumba zisizopambwa. Ukuta ule ulikuwa mtupu na safi, umepangika kama picha, kwa sababu ndoo ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nilipolielewa hilo nikazitazama upya picha za kwenye simu. Hata mle kuna mtu anabeba ndoo; hawajampiga picha tu.

Kitu kimoja nilikipita haraka siku ile nikaja kukikumbuka baadaye: katika misana ile mirefu, kitanda kiliwekwa mwisho wa chumba, na mbele yake likashushwa pazia. Mlango wa mbao haukuwepo. Nguo tu.

Kutoka Lamu nakurusha hadi Frankfurt, Ujerumani, miaka ya 1920. Vita imekwisha, watu wamejazana mijini, nyumba hakuna. Mwaka 1925 mji ukamwajiri msanifu Ernst May kusimamia ujenzi, na kwa miaka mitano hivi zikajengwa nyumba mpya zaidi ya 10,000, ndogo na za bei nafuu, zenye paa bapa na kuta nyeupe. Nadhani ule weupe wa chumba kidogo unaotuandama hadi leo ulipata nguvu katika miaka ile: weupe wa afya, wa jua, wa kufuta vumbi la bibi na makabati yake ya mbao nzito.

Ndani ya timu yake kulikuwa na mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyezaliwa Vienna mwaka 1897. Mwaka 1926 alichora jiko ambalo jina lake limebaki kuwa Jiko la Frankfurt. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na mfano wake mmoja ulikuwa jiko la behewa la chakula kwenye treni. Alihesabu hatua. Kutoka kwenye jiko hadi kwenye sinki hatua ngapi, kutoka kwenye sinki hadi kwenye kabati ngapi, kama wenye viwanda walivyokuwa wakihesabu mikono ya wafanyakazi wao. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Kulikuwa na droo ndogo 18 za alumini, kila moja na jina lake: sukari, mchele, dengu. Makabati yalipakwa rangi ya buluu-kijani kwa sababu ilisemwa nzi hawaipendi.

Nilipobadili vipimo nilicheka peke yangu. Jiko lile, lililobanwa hadi mwisho wa uwezo wa kubana, ni theluthi mbili ya chumba changu chote.

May alikuwa anajua kwamba kumpa mtu nyumba ndogo haitoshi, kwa kuwa ataingia na kabati la mama yake. Kwa hiyo jarida lililokuwa sauti ya mradi, Das Neue Frankfurt, likawa na nyongeza ya kurasa zinazoonyesha vitu vinavyofaa kwa nyumba ndogo: taa, viti vyepesi, majiko, hata vitasa vya milango. Msanifu Ferdinand Kramer alibuni samani rahisi zilizotengenezwa na maseremala waliokuwa hawana kazi. Vilikuwepo na vitanda vya kukunjwa ukutani mchana. Yaani zile picha zangu zilikwishapigwa, karibu miaka mia iliyopita, kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Je, iliwezekana? Kwa baadhi, ndiyo. Nyumba elfu kumi na kitu si mchezo, zina watu mpaka leo, na kwa mwanamke aliyezoea kupika kwenye chumba hicho hicho anacholala, jiko lenye mlango lilikuwa ukombozi. Lakini kodi iliwashinda wale ambao mradi ulisema unawalenga, vibarua wasio na ujuzi, na waliohamia wengi walikuwa makarani na mafundi wenye mishahara ya uhakika. Jiko lilitosha mtu mmoja. Wawili waligongana viwiko, na mama aliyekuwa akipika hakuwaona watoto wake walipo. Watoto nao, wakiingia, walizifikia droo za alumini na kumwaga unga. Schütte-Lihotzky mwenyewe alikuja kusema kwamba wakati analichora hakuwa amewahi kuendesha nyumba wala kupika. Ninamheshimu sana kwa kusema hivyo. Alikuwa pia mtu wa kuheshimiwa kwa mengine: alirudi Vienna kufanya kazi ya siri dhidi ya Wanazi, akakamatwa mwaka 1941, akakaa gerezani hadi vita ilipokwisha. Aliishi hadi mwaka 2000.

Mwezi Oktoba 1929 wasanifu wa nchi mbalimbali walikutana Frankfurt kujadili makazi ya kiwango cha chini kabisa ambacho binadamu anaweza kuishi kwa heshima. Hewa kiasi gani, jua kiasi gani, mita ngapi za mraba. Wakati huo lilikuwa swali la huruma. Walitaka kusema: chini ya hapa, msimshushe mtu. Shida ya kipimo cha chini ni kwamba anayejenga akishakijua, hakiongezi.

Na hapa ndipo mambo yaliponishangaza. May aliondoka Frankfurt mwaka 1930 kwenda Urusi ya Wasovieti kupanga miji ya viwanda. Huko nako mambo yakaharibika, na Ujerumani ya Hitler hakuweza kurudi. Unajua alikwenda wapi? Alikuja kwetu. Mwaka 1934 alifika Tanganyika akanunua shamba karibu na Arusha. Bwana aliyesimamia makumi ya wasanifu akawa mkulima chini ya Mlima Meru. Baadaye akafungua ofisi Nairobi, akachora mpango wa upanuzi wa Kampala katika miaka ya 1940, wenye Kololo na Naguru ndani yake, kila kundi la watu na mahali pake. Mombasa alichora Hoteli ya Oceanic. Alibuni hata nyumba ya vipande vya zege vinavyopachikwa, yenye umbo la upinde, kwa ajili ya Waafrika, akiamini umbo lile litawakumbusha msonge. Alirudi Ujerumani katikati ya miaka ya 1950.

Nilitamani kuandika hapa kwamba alileta Jiko la Frankfurt Afrika Mashariki, ingekuwa hadithi tamu. Ukweli ni kwamba chumba kidogo cha mji wa kikoloni kilikwishapata kipimo chake, na kipimo hicho hakikutoka kwenye mkutano wowote wa watu wenye huruma. Nairobi, mfanyakazi Mwafrika hakuhesabiwa kwa chumba, alihesabiwa kwa kitanda. Mwajiri au manispaa ilitoa nafasi ya kitanda, na vitanda kadhaa viliingia chumba kimoja. Mshahara nao ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, kana kwamba hao wengine wanaishi kwa hewa kule kijijini. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya Kenya iliyochunguza mishahara, maarufu kama Kamati ya Carpenter, iliandika wazi kwamba mshahara wa mseja hauwezi kujenga mfanyakazi wa kudumu mjini, na ikapendekeza kwenda hatua kwa hatua kwenye mshahara unaotosha familia. Mishahara ilipanda kidogo. Vyumba vilivyokwishajengwa havikuweza kupanuka.

Nikakaa na jambo hili siku kadhaa. Chumba kilichopimwa kwa mwanamume mmoja, ambaye mkewe na mama yake wanatakiwa wabaki walikotoka. Na mimi hapa nahangaika na futi kamba kwa sababu mama anakuja.

Nyumba ninayopanga, hata hivyo, ina ukoo mwingine, na lazima niwe mkweli kuhusu hilo. Haikuchorwa na serikali. Ni ile nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, uani nyuma na baraza mbele. Kariakoo, iliyopewa jina na kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilijaa nyumba za namna hii, na baada yake Ilala na Magomeni. Zilijengwa na wenyewe, kwa miti na udongo kwanza, kisha saruji fedha ikipatikana, chumba baada ya chumba. Mwenye nyumba analala katika kimoja au viwili, vingine anapangisha. Kodi ya chumba cha mbele inajenga chumba cha nyuma.

Ujanja wa nyumba hii, na mimi nilikuwa sijauona japo naishi ndani yake, ni kwamba chumba hakikukusudiwa kubeba maisha yote. Kupika uani. Kufua uani. Kuongea na wageni barazani. Watoto koridoni. Chumba ni cha kulala, kuvaa na kufungia vitu. Ukikihesabu hivyo, futi 10 kwa 10 si ndogo kiasi hicho. Imekuwa ndogo tangu tulipovuta kila kitu ndani: jiko la gesi kwa sababu uani kwetu kumejengwa vyumba vingine viwili vya kupangisha, ndoo kwa sababu zikikaa nje zinapotea, wageni kwa sababu baraza imekuwa fremu ya duka la miamala ya simu. Tulipoteza uani kwanza, ndipo tukaanza kutafuta meza zinazokunjwa.

Mama mdogo wangu aliolewa Unguja, anakaa Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyoanza kupangwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, wakati wa Mzee Karume, juu ya mtaa wa nyumba za Kiswahili wa Ng'ambo. Garth Myers ameandika vizuri habari zake katika kitabu chake Verandahs of Power. Ndani mna sebule, vyumba, jiko na choo, vitu ambavyo wengi Ng'ambo hawakuwa navyo chini ya paa moja. Nikimtembelea mama mdogo saa kumi jioni simkuti juu. Nimeshazoea, nateremka tu. Wako chini na wenzake, wameketi kwenye ukingo wa saruji kama vile baraza ilihamishwa pamoja nao. Sebule yake nzuri, kochi lina vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, haina mtu.

Haya, turudi Magomeni. Pamoja na kusoma kote huku, niliingia mkenge kama wengine. Nilinunua kioo kirefu Kariakoo, shilingi 45,000, nikakiegemeza ukutani mkabala na kitanda, na kwa siku mbili kweli chumba kilionekana kikubwa, nikajisifu. Kisha nikaja na shelfu. Msumari wa kwanza uliingia vizuri. Wa pili ulishuka na kipande cha lipu kikubwa kama sahani, na nyuma yake sikukuta tofali, nilikuta udongo na fito. Ukuta wa zamani, uliovalishwa saruji juu. Mwenye nyumba alisikia kishindo akaja kusimama mlangoni.

"Kijana, huo ukuta umejengwa na baba yangu. Wewe unautoboa kwa sababu gani?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama sana, akaikuza kwa vidole viwili.

"Huyu kapanga au kajenga?" aliuliza.

Sikuwa na jibu, na ndilo swali ambalo washauri wote wale hawaliulizi. Kuta ni za nani? Nililipa fundi elfu kumi na tano kuziba tundu, na shelfu iko chini ya kitanda, juu ya maboksi ya vitabu. Kitanda cha kuingia ukutani sikukitaja tena.

Mama alifika siku ya Jumamosi na begi moja na mfuko wa mihogo. Nilikuwa nimeamua: yeye kitandani, mimi nitalala kwa rafiki yangu Manzese, asubuhi narudi. Aliposikia hivyo alikataa katakata. "Nimekuja kwa mwanangu au nimekuja kwa chumba? Usiku nikizidiwa namwita nani, feni?" Akakaa kwenye stuli, akakizungusha macho chumba taratibu, akafikia kwenye kioo.

"Na hiki cha nini hapa?"

"Kinaongeza nafasi, mama."

"Kila nikigeuka namwona mgonjwa," akasema. "Kitoe."

Kesho yake akaniagiza waya. Nikafunga ncha moja kwenye nondo za dirisha na nyingine kwenye fremu ya mlango, ambayo ni mbao na haina udongo wa baba wa mtu. Akafungua begi lake akatoa pazia. Nililijua kabla halijakunjuliwa: la kijani, lenye maua ya njano yaliyopauka, lililogawa chumba chetu Korogwe tulipokuwa watoto wanne, wa kiume huku, wa kike kule. Alikuwa amelipakia tangu nyumbani. Hakuniuliza chumba changu kina ukubwa gani. Alijua ni chumba.

Tulihamisha kabati likakaa katikati, mgongo wake ukawa ukuta wa upande wangu. Kitanda kikaenda mwisho, chini ya dirisha, nyuma ya pazia. Mimi nina godoro la futi mbili na nusu ambalo mchana linasimama nyuma ya mlango. Jiko na mtungi nimempelekea jirani wa chumba cha pili, ambaye naye alikuwa hana jiko, na sasa tunapika kwake na kula pamoja koridoni, jambo ambalo kwa miaka mitatu hatukuwahi kulifanya. Mwenye nyumba hakupendezwa na sahani koridoni. Mama akampelekea mihogo.

Si kwamba imekuwa raha. Usiku namsikia akigeuka, nasikia akijizuia kukohoa ili nisiamke, naye bila shaka ananisikia nikijifanya nimelala. Nikitaka kuandika usiku sina mahali. Haya nayaandika kwa simu, nimejifunika shuka na mwanga nimeupunguza. Rafiki yangu wa kike alikuja mara moja akakaa dakika kumi, ukingoni mwa godoro, mikono magotini, kama yuko kwenye usaili. Hakuna namna ya kupanga samani itakayoondoa hayo.

Wiki sita zilikwisha, tuko kwenye wiki ya tisa. Daktari amesema arudi tena mwezi ujao. Kioo hakikurudishwa dukani, hawapokei. Kimegeuzwa uso ukutani, upande wa pazia lake, na kwenye ubao wa nyuma mama amebandika kadi ya kliniki, tarehe za kurudi zikiangalia kitandani.